Mji wa Shiraz na Watawala wa Kilwa

Haya, wajukuu zangu wa Chikongola, lile boma la Mikindani mnalijua. Lilijengwa na Wajerumani mwaka 1895, enzi za Kaisari Wilhelm wa ukoo wa Hohenzollern, ukoo wenye jina la ngome iliyo mlimani huko kwao. Lakini msidhani watawala kuitwa kwa jina la mahali ni jambo la Wazungu peke yao. Ukishapita Lindi kwenda kaskazini unafika Kilwa, walikotawala Washirazi. Na Shiraz ni mji, uko Uajemi.

Wazee wa Kilwa husimulia kwamba Mshirazi mmoja, Ali bin Hassan, alitia nanga Kisiwani akamkuta jumbe Mrimba. Akaomba kununua kisiwa. Mrimba akamwambia, "Lete nguo za kukizunguka chote." Ali akatandika vitambaa ufukweni, kimoja kikishika kingine, hadi ncha zikakutana. Mrimba akakusanya nguo zake, akahamia bara. Ila alikuwa na lake moyoni, maana siku zile maji yakitoka watu walivuka kwa miguu. Angerudi tu! Ali naye hakulala. Akasoma Kurani, mlango wa bahari ukajaa maji. Wengine wanasema aliuchimba, na mimi nawaamini hao zaidi.

Sasa, Shiraz haina bahari. Iko bara, milimani. Waajemi waliokuja huku kwa majahazi walipandia bandari za Ghuba, kama Siraf. Nadhani walijiita kwa mji mkubwa uliosifika, kama kijana wa Msimbati akifika ugenini anavyosema kwao Mtwara.

Je, yote ni ngano? Hapana. Pesa za shaba zenye jina la Ali bin Hassan zimeokotwa Kilwa. Tena mwaka 2023 wanasayansi walitoa matokeo ya uchunguzi wa vinasaba katika mifupa ya kale ya pwani, Kilwa na Songo Mnara zikiwamo: kwa wengi, upande wa baba ulielekea Uajemi, na wa mama ulikuwa wa Kiafrika hasa. Nao wazee husema Ali alimwoa binti Mrimba.

Baadaye kiti kilishikwa na ukoo wa Mahdali, wenye asili ya Yemeni. Ndio aliowakuta msafiri Ibn Battuta mwaka 1331. Lakini jina la Washirazi halikuzama. Mwaka 1957 Zanzibar ilipata chama cha Afro-Shirazi, na mwaka 1977 kikaungana na TANU, ikazaliwa CCM.