Kupunguza Taka za Upasuaji

Taka za upasuaji ni mabaki yote yatokayo katika chumba cha upasuaji: shashi zenye damu, sindano na nyembe, sehemu za mwili zilizoondolewa, glovu na gauni za kutupwa, pamoja na karatasi na plastiki zilizofungia vifaa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu asilimia 85 ya taka za huduma za afya ni za kawaida kama za nyumbani. Zilizo hatarishi ni asilimia 15 tu.

Kazi ya kwanza, basi, ni kutenganisha taka pale pale zinapotoka. Ncha kali huingia kwenye boksi gumu, linalofungwa likijaa robo tatu. Taka ambukizi huwa na mfuko wake na za kawaida wake. Karatasi ya glovu ikitumbukizwa kwenye mfuko wa taka ambukizi huhesabiwa kuwa ambukizi, nayo itateketezwa kwa gharama ileile. Tena uchomaji una madhara: plastiki ya PVC ikichomwa kwenye tanuri lenye joto dogo hutoa dioksini, sumu inayodumu muda mrefu katika mazingira na mwilini.

Taka nyingine huzuiwa kabla mgonjwa hajaingia. Kifaa kilichotakaswa kikishafunguliwa hakirudi stoo hata kama hakikuguswa. Kwa hiyo timu hupitia orodha ya vifaa vya kila aina ya upasuaji, huondoa visivyotumika, na vile vya dharura huwekwa karibu bila kufunguliwa.

Njia ya tatu ni kutumia tena. Gauni na mashuka ya kitambaa hufuliwa, kisha hutakaswa kwa mvuke ndani ya autoklevu, kwa mfano nyuzi joto 121 kwa dakika 30. Njia hii hudai maji, umeme na fundi wa uhakika. Sindano na nyembe hazimo: hizo ni za mgonjwa mmoja tu.

Mfano mashuhuri ni hospitali za macho za Aravind, kusini mwa India, zilizoanzishwa mwaka 1976. Huko vifaa hutakaswa haraka na kutumika tena, na chupa moja ya dawa ya matone huhudumia wagonjwa kadhaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kuwa upasuaji mmoja wa mtoto wa jicho Aravind huzalisha takribani kilo 6 za hewa ukaa, ilhali ule wa Uingereza huzalisha takribani kilo 130. Na licha ya vifaa kutumika tena, maambukizi makali ndani ya jicho huko Aravind huwapata wagonjwa pungufu ya 1 kati ya 1,000.

Hospitali inayotaka kuanza haihitaji mtambo mpya. Ipime mifuko ya taka baada ya kila upasuaji, ihesabu vilivyotupwa bila kutumika, kisha ibadili orodha ya vifaa kulingana na hesabu hiyo.