Kidato cha Sita na Safari ya Chuo Kikuu: Mambo ya Kuandaa Mapema

Kila mwanzo wa mwaka wa masomo huja ofisini kwetu wanafunzi wa mwaka wa kwanza wenye ombi lile lile: "Mwalimu, nataka kubadilisha kozi." Mmoja alitueleza kwamba siku ya kujaza fomu shuleni muda ulikuwa mfupi, naye akanakili machaguo ya rafiki yake aliyeketi karibu. Alama zake zilikuwa nzuri na kozi aliyoipenda ilikuwepo, lakini hakuiandika. Alipofika kwetu, nafasi zilikuwa zimejaa. Majuto ni mjukuu, walisema wahenga.

Makala haya yanawalenga wanafunzi wa kidato cha sita hapa Uganda, wazazi wao, na walimu wa Kiswahili ambao mara nyingi ndio wanaoombwa ushauri.

Sharti la kwanza

Mtahiniwa wa UACE hufanya masomo makuu matatu, pamoja na somo la maarifa ya jumla (GP) na somo dogo moja, yaani Hisabati ndogo au kompyuta. Katika somo kuu, daraja A lina pointi 6, B pointi 5, C pointi 4, D pointi 3, E pointi 2 na O pointi 1. Kila somo dogo likifauliwa huleta pointi 1. Kwa hiyo kiwango cha juu kabisa ni pointi 20.

Ili kuingia shahada moja kwa moja, mwanafunzi anahitaji kufaulu angalau masomo makuu mawili katika mtihani wa mwaka mmoja. Hapa wengi huteleza: daraja O lina pointi, lakini halihesabiwi kuwa ni kufaulu somo kuu.

Pointi zinavyopimwa upya

Wengi hudhani kwamba chuo hujumlisha pointi tu. Sivyo. Katika utaratibu unaojulikana Makerere na vyuo vingine vya umma, kila kozi hupanga masomo kwa uzito. Masomo mawili yaliyo muhimu kabisa kwa kozi hiyo huzidishwa kwa 3. Somo linalohusiana nayo huzidishwa kwa 2. Masomo ya nyongeza, kama GP, huzidishwa kwa 1.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kozi fulani imeweka Kiswahili na Historia kuwa masomo muhimu kabisa, na Dini kuwa somo linalohusiana. Mwanafunzi wa kwanza ana A ya Kiswahili, B ya Historia na C ya Dini. Hesabu yake ni 6×3, jumlisha 5×3, jumlisha 4×2, yaani 41. Mwanafunzi wa pili ana C ya Kiswahili, B ya Historia na A ya Dini. Hesabu yake ni 4×3, jumlisha 5×3, jumlisha 6×2, yaani 39. Wote wawili wana pointi 15 katika masomo makuu, lakini mmoja amemtangulia mwenzake kwa alama mbili. Katika kugombea ufadhili wa serikali, hata sehemu ya kumi ya alama huweza kumwacha mtu nje.

Funzo ni hili: fanya hesabu kwa kila kozi unayoifikiria, kwa maana mwanafunzi yule yule anaweza kuwa na alama nyingi katika kozi moja na chache katika nyingine. Anza kwa kuandika kozi unayoitaka kwa dhati, kisha ufuatishe zile zenye ushindani mdogo zaidi. Usiandike kozi ambayo hungekubali kuisoma. Tena alama ya mwisho ya kuingilia ya mwaka uliopita si ahadi; hupanda na kushuka kulingana na waombaji wa mwaka huo.

Kwa wanaopenda Kiswahili

Wanafunzi hutuuliza kama Kiswahili "kina kazi". Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 umelifanya somo hili kuwa la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Mwezi Julai 2022, Baraza la Mawaziri lilikubali Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na kupendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Maazimio hayo hayatekelezeki bila walimu. Hata hivyo, mwenye nia ya kufundisha lazima achague kozi ya elimu yenye somo la pili linalofundishwa shuleni. Aulize jambo hilo kabla ya kujaza fomu.

Fedha na vyeti

Zungumza na wazazi kuhusu ada mapema, si baada ya kupata barua ya chuo. Nafasi za ufadhili wa serikali ni chache, na kwa miaka mingi sehemu kubwa imekwenda kwa kozi za sayansi. Upo pia mfuko wa mikopo ya wanafunzi ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Soma tangazo la mwaka wako ujue kozi zinazohusika.

Kagua pia majina yako. Yanapaswa kuandikwa kwa namna moja katika vyeti vya mtihani, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa. Herufi moja iliyokosewa hurekebishwa kwa urahisi zaidi wakati wa kusajiliwa kwa mtihani kuliko mlangoni pa chuo.

Mlango ukifungwa

Asiyepata nafasi asikate tamaa. Anaweza kusoma diploma kisha akaomba shahada kwa njia hiyo. Wenye umri wa miaka 25 na zaidi wana mtihani wao maalumu wa kuingia. Baadhi ya wanafunzi wetu hodari walipitia njia hizo.

Walimu wenzetu, tunawaomba mtenge japo kipindi kimoja katika muhula wa pili mkae na wanafunzi, kalamu mkononi, mfanye hesabu hizi pamoja. Saa moja hiyo yaweza kumwokolea kijana miaka mitatu. Tunawatakia watahiniwa wote kila la heri.