Mgeni Rasmi Akishaondoka

Magari yanayotoka Mwanza kwenda Magu na Lamadi yanakufikisha mlangoni mwa Bariadi, eneo ambalo zamani lilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga. Miaka ya 1980 mkoa huo ulionekana kugeuka jangwa. Wakoloni walikuwa wamefyeka vichaka ili kuangamiza mbung'o, pamba ikataka mashamba zaidi, kisha Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu kutoka kwenye malisho waliyoyatunza.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kwa msaada wa Norway. Mwanzoni mradi ulifuata njia iliyozoeleka: vitalu, miche, mingi ikiwa ya kigeni, na mtaalamu wa kuelekeza. Kilichogeuza mambo ni ngitili ya Wasukuma. Mvua zikianza, familia au kijiji hufunga kipande cha ardhi, ng'ombe wasiingie. Nyasi hukua, visiki vya migunga huchipua bila mtu kupanda chochote. Kiangazi kikikaza panafunguliwa, na wa kwanza kufikiriwa ni ndama, ng'ombe wagonjwa na maksai wa kulimia. Sheria zilipitishwa na dagashida, mkutano wa jadi, zikasimamiwa na sungusungu. Aliyeswaga mifugo ndani kabla ya wakati alilipa faini mbele ya majirani zake. Hapo hapakuhitajika gari la mradi wala posho ya kikao.

HASHI ilianza na ngitili zisizozidi hekta 600 hivi. Ilipofungwa mwaka 2004, zilikuwa zimevuka hekta 300,000. Ndege walirudi, wanyama wadogo pia. Fisi nao wakarudi, wakala mbuzi, jambo ambalo huwezi kulikuta kwenye kalenda ya mfadhili.

Mtu wa Buzuruga, mjini Mwanza, atasema: sisi tuna viwanja, hatuna malisho ya kufunga. Kweli. Lakini hata huku kwenye Ziwa Victoria, magugu maji yalipoziba mialo miaka ya 1990, kazi ya kufuga na kusambaza mbawakavu wanaoyala ilihitaji mikono ya wavuvi wenyewe, kwa kuwa mwalo ndio riziki yao.

Tofauti na ngitili au mwalo, miche mingi ya mjini haina mwenyewe. Inapandwa siku ya maadhimisho, mgeni rasmi anapigwa picha ameshika ndoo, na baada ya wiki mbuzi anaimaliza huku kila mtu akidhani ni mali ya kata. Anayepanga mradi mwingine wa miti Ilemela, au kwenye kingo za Mto Mirongo, kabla ya kununua mche hata mmoja aitishe mkutano wa mtaa na kuandika kwenye muhtasari: nani atamwagilia Agosti, nani atavuna matunda na kuni, na nani atamtoza faini mwenye mbuzi.