Je, Wajua? Pawa Saplai Ndiyo ya Kununua Kwanza

Mtu anayetaka kuundiwa kompyuta ya kazi, iwe ya kuhariri video, kuchora ramani za nyumba au kutunza hesabu za kampuni, huanza na prosesa. Inafuata RAM, kisha SSD, kisha kadi ya picha. Pesa zikikaribia kuisha ndipo pawa saplai inapokumbukwa, na hapo huchukuliwa yoyote ya bei ya chini iliyobaki rafuni. Kwa maoni yangu, mwenye bajeti ndogo ndiye hasa anayepaswa kuanzia hapo, kwa kuwa vyote alivyonunua kwa taabu vitapokea umeme wake kupitia kisanduku hicho kimoja.

Umeme wa ukutani ni mkondo geu, volti 230 Tanzania na 240 Kenya, nao huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Kompyuta haiutaki hivyo. Inataka mkondo mnyoofu wa volti 12, 5 na 3.3. Pawa saplai huunyoosha kwanza umeme wa ukutani, ukapanda hadi volti zaidi ya 300, kisha huuweka kwenye kapasita kubwa. Baada ya hapo swichi za kielektroniki huukatakata makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde na kuupitisha kwenye transfoma. Kasi hiyo ndiyo inayofanya transfoma iwe ndogo ya kuenea kiganjani. Kwa mipigo 50 tu ya ukutani ingekuwa lidude la chuma la kilo kadhaa. Kompyuta ya Apple II ya mwaka 1977 ilikuwa miongoni mwa za kwanza za mezani kutumia mtindo huu. Mhandisi Rod Holt aliitengenezea pawa saplai nyepesi isiyohitaji hata feni.

Mwaka 1995 Intel ilitoa kanuni za ATX, ambazo hadi leo ndizo zinazofuatwa. Laini ya volti 12 haitakiwi kupanda wala kushuka zaidi ya asilimia 5, yaani ibaki kati ya 11.4 na 12.6. Tena kuna waya mmoja wa kijivu ambao wengi hawaujui. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, pawa saplai husubiri umeme wake utulie, kwa kawaida kati ya sehemu ya kumi na nusu ya sekunde, ndipo hupitisha ishara kwenye waya huo kuuambia ubao mama uanze kazi. Umeme ukiyumba, ishara huondolewa na kompyuta husimama kabla haijaharibu kitu. Baadhi ya watengenezaji wa visanduku vya bei ya kutupa huukata mzunguko huo wa ukaguzi na kuuunga waya wa kijivu moja kwa moja kwenye laini ya volti 5. Hapo ishara ya usalama hutolewa tangu mwanzo, umeme uwe umetulia au haujatulia. Kompyuta ikiganda bila sababu au faili zikiharibika, fundi hulaumu Windows, akaifuta na kuiweka upya, na tatizo likabaki palepale.

Dukani, geuza kisanduku usome lebo. Namba kubwa ya wati usiiamini peke yake. Tafuta safu ya volti 12, angalia ampea zake, zidisha. Kisanduku kilichoandikwa wati 500 chenye ampea 18 kwenye laini hiyo hutoa wati 216 tu, na kompyuta za leo huchukua karibu umeme wake wote kwenye volti 12. Kadi ya picha kama RTX 3060 peke yake hula wati 170. Ongeza prosesa ya wati 65, tayari umepita.

Angalia pia nyuma kama kuna swichi ndogo nyekundu ya 115 na 230. Ikiwa imewekwa 115, mzunguko wa ndani huzidisha volti mara mbili. Uichomeke kwenye soketi ya Dar es Salaam au Mombasa, kapasita zilizotengenezwa kuhimili volti 200 kila moja zitapewa zaidi ya 300. Mlio husikika chumba cha pili. Zilizo bora siku hizi hupokea volti 100 hadi 240 zenyewe, bila swichi.

Kapasita hizo ndizo pia zinazoamua umri wa kisanduku. Kwa hesabu ya mafundi, kila joto likipungua nyuzi 10, maisha yake huongezeka maradufu. Iliyoandikiwa saa 2,000 kwa nyuzi 105 hufikia saa 32,000 kwa nyuzi 65, zaidi ya miaka mitatu na nusu bila kuzimwa. Kwa hiyo kupuliza vumbi kwenye feni ni kuongeza miaka. Kapasita mbovu ziliwahi kuitia hasara hata Dell: mwaka 2005 ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya kukarabati kompyuta za OptiPlex ambazo kapasita za ubao mama zilivimba na kuvuja.

Stika ya 80 Plus, iwe Bronze au Gold, husaidia, ila hupima umeme unaopotea kama joto tu, haikuhakikishii umri. Na umeme ukikatika, kanuni ya ATX inadai akiba ya takribani milisekunde 16 tu, pungufu ya mpigo mmoja wa umeme wetu. Zaidi ya hapo ni kazi ya UPS.

Pesa ya kufidia tofauti ya bei ya pawa saplai bora itoke kwenye kasha lenye taa za rangi, au kwenye kadi ya picha kama kazi yako ni hesabu na barua, maana prosesa nyingi zina uwezo wa picha ndani yake. Njia nyingine nzuri ni kompyuta iliyotumika ofisini Ulaya, kama Dell Precision au HP ya Z. Pawa saplai zake huwa imara. Nyingi, hata hivyo, zina umbo na plagi za pekee ambazo za ATX haziingiliani nazo, basi kabla hujalipa muulize muuzaji kama anayo ya akiba ya modeli hiyohiyo, na bei yake.