HAMISI: NI JINA LA SIKU TU?



Ndugu wasomaji, ukisimama mlangoni pa madrasa yoyote huku Newala au kule Masasi ukaita "Hamisi!", hageuki mtoto mmoja. Watageuka watatu au wanne, na mwalimu itambidi aongeze: Hamisi wa Kitangari, Hamisi mrefu, Hamisi mdogo wake Zainabu. Lakini siku hizi baadhi ya watoto hao wanaambiwa na wenzao kwamba Hamisi si jina la Kiislamu, ni siku tu kama Jumanne, na wapo wazazi wanaofikiria kuwabadilisha wawe Khalid au Hamza. Jambo hili linawaumiza watoto, kwa hiyo tumeona tulieleze.

Neno lenyewe ni la Kiarabu, khamis, nalo limetokana na khamsa, yaani tano. Waarabu huhesabu siku kuanzia Jumapili, ambayo kwao ni ya kwanza, hivyo Alhamisi ni ya tano. Sisi Waswahili tunaanza kuhesabu Jumamosi, kwa hiyo Jumatano yetu ni ya tano, kisha inafuata Alhamisi ambayo nayo maana yake ni ya tano! Juma letu lina siku mbili za tano, na wengi tumezitaja maisha yetu yote bila kulitambua hilo.

Tena khamis ina maana ya pili, nayo ni jeshi. Jeshi la zamani liligawanywa mafungu matano: la mbele, la nyuma, la kulia, la kushoto na la katikati. Imepokewa na Bukhari kwamba mwaka wa 7 Hijria (628), watu wa Khaybar walitoka asubuhi na zana zao za shamba, wakamwona Mtume (SAW), wakapiga ukelele kwamba Muhammad amekuja na khamis. Hawakukusudia siku. Basi Hamisi akichekwa darasani, anayo ya kujibu.

Na hata kama ni siku, ni siku gani! Mtume (SAW) alikuwa akifunga Jumatatu na Alhamisi, na alitufundisha kuwa amali za waja huonyeshwa katika siku hizo. Alipotoka kwenda Tabuk mwaka wa 9 Hijria alitoka Alhamisi, na alipenda kusafiri siku hiyo.

Sheria inasemaje kuhusu kubadili jina? Mtume (SAW) alibadili majina yenye maana mbaya. Binti aliyeitwa Aasiya, yaani mwasi, alimwita Jamila. (Wasichana wetu wanaoitwa Asia wasiogope. Jina lao ni la mke wa Firauni, mja mwema, na kwa Kiarabu huandikwa kwa herufi nyingine.) Babu yake Said bin al-Musayyab aliitwa Hazn, yaani ugumu; Mtume akamtaka awe Sahl, wepesi. Akakataa kuacha jina alilopewa na baba yake, na hakulazimishwa, ingawa mjukuu wake alisema ugumu ule ulibaki katika ukoo wao. Sasa katika Hamisi ubaya uko wapi? Majina yapendezayo zaidi kwa Allah ni Abdallah na Abdulrahman, hilo halina ubishi, lakini kilicho bora hakikifanyi kingine kuwa haramu. Waarabu wenyewe walilitumia: Khamis bin Abdullah, mfanyabiashara mkubwa wa Tabora, aliuawa katika vita na Mirambo mwaka 1871.

Huku kwetu jina lilipanda na dini kutoka bandari za Lindi na Mikindani, na Uislamu ulienea sana baada ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Kabla ya hapo Wamakonde, Wayao na Wamakua walikuwa na desturi yao: kijana akitoka jandoni huacha jina la utoto na kuchukua jipya. Dini ilipoingia, jina hilo jipya likawa Hamisi, Saidi, Bakari au Issa. Herufi ya kh haikukaa vizuri katika ndimi za wazee wetu, ikawa h, wakati Unguja na Pemba wamebaki na Khamis.

Halafu kuna somo. Mtoto akipewa jina la babu yake, wawili hao ni masomo, na bibi humwita mjukuu "mume wangu" akimtania. Ndiyo maana Hamisi wa leo huenda alizaliwa Jumapili. Siku ya Alhamisi ilikuwa ya babu wa babu yake. Ukilifuta jina hilo, babu ndiye utakayemweleza.

Wazazi, kinachotusumbua zaidi ni tahajia. Kijana mmoja huandikwa Hamis kwenye cheti cha kuzaliwa, Hamisi shuleni, na Khamis kwenye fomu ya kitambulisho cha taifa, kisha anahangaika kuthibitisha kuwa hao watatu ni yeye. Chagueni moja mapema, na mtoto akianza darasa la kwanza, mpelekeni na cheti chake mkononi.