Shahidi Mtaalamu Katika Mgogoro wa Ardhi na Nyumba: Wajibu Wake na Tahadhari Zako

Migogoro mingi ya ardhi na nyumba haimalizwi kwa kujua nani anasema kweli. Humalizwa kwa kujibu swali la kitaalamu: jiwe la mpaka lilikuwa wapi, nyufa za ukuta zimesababishwa na nini, au nyumba iliyopigwa mnada ilikuwa na thamani gani. Hapo ndipo mwananchi humtafuta mthamini, mpima ardhi au mhandisi. Makala haya yanaeleza mtaalamu huyo anawajibika kwa nani, na anayemlipa ajihadhari na nini.

Shahidi mtaalamu ni nani?

Shahidi wa kawaida hueleza aliyoyaona au kuyasikia mwenyewe. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, humruhusu mtu mwenye ujuzi maalumu kwenda mbele zaidi na kutoa maoni juu ya jambo la sayansi au ufundi. Hata hivyo, maoni hayo hayalifungi Baraza la Ardhi na Nyumba wala mahakama. Mwamuzi huyapima pamoja na ushahidi mwingine, na anaweza kuyakataa kwa sababu za msingi.

Anawajibika kwa nani?

Ada unailipa wewe, lakini wajibu wa kwanza wa mtaalamu ni kukisaidia chombo kinachoamua shauri kuufikia ukweli. Kazi ya kukutetea ni ya wakili. Mtaalamu hupaswa kueleza alichokikagua, njia aliyoitumia, mambo aliyoyachukulia kuwa kweli bila kuyathibitisha, na yale yasiyokusaidia wewe uliyemlipa. Jambo lililo nje ya fani yake hana budi kuliacha.

Mfano: nyumba iliyouzwa kwa mnada

Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, humtaka mkopeshaji anayeuza nyumba iliyowekwa rehani kutafuta bei bora inayoweza kupatikana wakati wa mauzo. Bei ikipungua kwa asilimia 25 au zaidi chini ya wastani wa bei ya soko ya mali zinazofanana nayo, sheria huchukulia kwamba mkopeshaji amekiuka wajibu huo, mpaka athibitishe vinginevyo.

Tuchukulie kwamba nyumba imeuzwa kwa shilingi milioni 65. Ikiwa wastani wa soko ni milioni 80, kikomo ni milioni 60, na mwenye nyumba hawezi kuitegemea dhana hiyo. Akimshawishi mthamini aandike milioni 90, kikomo hupanda hadi milioni 67.5, na madai huonekana kuwa na nguvu. Lakini katika maswali ya dodoso mthamini ataulizwa: nyumba ulizolinganisha ziko wapi? Ziliuzwa lini? Kwa bei gani? Akikosa majibu, ripoti yote huporomoka. Mwenye nyumba naye huweza kutiliwa shaka hata katika hoja yake ya kweli, kwa mfano kwamba hakupewa notisi ipasavyo, na akishindwa anaweza kuamriwa kulipa gharama za upande wa pili.

Hatari kwa mtaalamu mwenyewe

Kutoa ushahidi wa uongo kwa kujua ni kosa la jinai, na adhabu yake inaweza kufikia kifungo cha miaka 7. Aidha, bodi iliyomsajili inaweza kumchukulia hatua za kinidhamu, ikiwemo kumfuta katika orodha. Mtaalamu anayekubali kila unachomwomba anahatarisha riziki yake pamoja na shauri lako.

Kabla ya kumlipa

1. Thibitisha usajili wake. Wathamini husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016. Wahandisi wana Bodi ya Usajili wa Wahandisi.
2. Muulize kama ana undugu, biashara au deni na upande wowote. Uhusiano uliofichwa ukifichuliwa barazani, huharibu ushahidi wake.
3. Mpe nyaraka zote, zikiwemo zisizokupendeza. Usimfiche hati ambayo upande wa pili anayo.
4. Wekeni makubaliano kwa maandishi: kazi yenyewe, muda, ada, na malipo ya siku za kufika barazani. Ada isitegemee kushinda kwa shauri.
5. Hakikisha amefika mwenyewe kwenye eneo la mgogoro, na kwamba ripoti inataja tarehe ya ukaguzi na kuambatanishwa na picha.
6. Mwite mapema. Thamani ya mali huamua pia shauri lifunguliwe wapi, na kulifungua mahali pasipo na mamlaka ni kupoteza muda na fedha.

Pengine mtaalamu atakueleza, kabla hujafungua shauri, kwamba madai yako ni dhaifu. Usikimbilie kumtafuta mwingine atakayesema unachotaka kusikia. Huenda amekuonyesha kuwa wakati wa kukaa mezani na jirani yako, au na mkopeshaji wako, ni sasa.