Gari limegongwa kabla hujakabidhiwa: hasara ni ya nani?

Simu iliingia studio asubuhi, dakika chache kabla ya taarifa ya habari. Alikuwa mzee kutoka upande wa Mbinga. Baada ya kumwamkia alisema moja kwa moja: "Mwanangu, gari langu limefika, lakini limefika limegongwa. Nimalizie pesa au nisimalizie?" Nilimwomba asikate, tukaendelea kuongea nje ya hewa. Kwa ruhusa yake naandika alichonieleza, bila kumtaja yeye wala aliyemuuzia, kwa sababu tangu siku ile wasikilizaji wengine wameuliza jambo hilo hilo, wengi wao kuhusu pikipiki.

Mzee aliuza kahawa, akachanganya na akiba, akaamua kununua kirikuu ya kubebea mizigo. Bei waliyopatana na muuzaji wa Dar es Salaam ni shilingi milioni 14. Alituma milioni 11, na milioni 3 zikabaki za kulipa gari likifika Songea. Gari lilikuwa limetoka bandarini, halijawahi kutumika hapa nchini. Ndilo tunaloliita jipya, hata kama huko Japani limeshazunguka miaka kumi. Dereva wa muuzaji akalileta kwa barabara kupitia Morogoro, Mikumi, Kitonga, Iringa, Makambako na Njombe. Kwenye kona za Lukumburu, karibu kabisa na kufika, akagusana na lori. Bampa likapasuka, taa ya kushoto ikavunjika, fenda ikaingia ndani.

Dereva alimwambia, "Ni mkwaruzo tu baba, laki mbili unamaliza." Muuzaji naye kwa simu akasema hivyo hivyo, kisha akaongeza neno lililomtisha mzee: kwamba gari lilikuwa mali yake tangu siku alipotuma pesa, kwa hiyo ajali ni yake.

Je, ni kweli? Inawezekana kuwa kweli, na hapo ndipo watu wengi wanapoumia.

Tanzania ina Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Kanuni yake ya msingi ni kwamba hasara humfuata mwenye mali. Kama umiliki bado uko kwa muuzaji, kitu kikiharibika ni hasara yake. Kama umiliki umeshahamia kwako, hasara ni yako, hata kama bado hujakishika mkononi. Kwa hiyo swali si nani alikuwa ameshika usukani peke yake. Swali kubwa ni: umiliki ulihama lini?

Sheria inajibu kwamba umiliki unahama pale ninyi wawili mlipokusudia uhame. Tatizo ni pale msiposema chochote. Mkipatana juu ya gari moja mahususi, ulilolichagua wewe, liko tayari kuchukuliwa na hamkuweka sharti lolote, sheria inaweza kuchukulia kwamba limekuwa lako palepale mlipopatana, hata kama malipo na makabidhiano ni ya baadaye. Tena, ukiagiza mzigo na muuzaji akaupakia kwa msafirishaji wa kukuletea, mara nyingi kuukabidhi kwa msafirishaji kunahesabiwa kama amekukabidhi wewe. Pikipiki ngapi zinapakiwa kwenye malori Dar es Salaam kuja Songea, Namtumbo na Tunduru kwa mtindo huo? Mteja anajua bei na rangi tu. Hajauliza ikianguka njiani itakuwaje.

Na usitegemee kadi ya gari kumaliza ubishi huu. Kadi ikiwa bado ina jina la muuzaji ni ushahidi mzuri, lakini haimaanishi moja kwa moja kwamba hasara ni yake. Kinachotazamwa kwanza ni mapatano yenu.

Mzee wetu aliokolewa na ujumbe mmoja wa simu. Nilimuuliza kama waliandikiana chochote, akasema hapana, ni maneno tu. Nikamwomba amwite mjukuu wake wapekue meseji. Wakaikuta, ya wiki tatu nyuma, muuzaji anaandika: gari nitakukabidhi Songea, ukiliona na kuridhika ndiyo umalizie. Maneno hayo machache yana uzito. Yanaonyesha kwamba makabidhiano ni Songea, kwamba mnunuzi ana haki ya kulikagua kwanza, na kwamba dereva alikuwa anafanya kazi ya muuzaji. Nikamwambia mzee asifute meseji hata moja, wala asibadilishe simu wiki hiyo.

Sasa tuseme wewe ndiye uko pale stendi au dukani na chombo kimeletwa kikiwa na jeraha. Jambo la kwanza ni kutokusaini. Ile karatasi ya makabidhiano ambayo kijana wa dukani anakusogezea haraka haraka mara nyingi ina sentensi inayosema umepokea chombo kikiwa katika hali nzuri. Ukishaitia saini, umewapa ushahidi dhidi yako. Kama ni lazima usaini ili dereva aondoke, andika kwa mkono wako juu ya saini: taa ya kushoto imevunjika, fenda imebonyea, sijakubali, nasubiri ukaguzi. Andika tarehe, kisha piga picha karatasi yenyewe.

Halafu piga picha chombo kizima, pande zote nne, na namba ya chesesi, na kilomita zinazoonekana kwenye dashibodi. Mtumie muuzaji picha hizo siku hiyo hiyo, pamoja na maneno machache kwamba hujakipokea. Kama ajali ilitokea barabarani, dai ripoti ya polisi wa usalama barabarani. Dereva akikwambia walimalizana kienyeji na mwenye lori, ujue mmeshapoteza mtu ambaye huenda alipaswa kulipa.

Kisha usikitumie. Hili nalisema kwa msisitizo kwa vijana wa bodaboda. Sheria inakupa nafasi ya kukagua kabla ya kuhesabiwa umekubali. Lakini ukianza kubeba abiria, au ukakaa na chombo muda mrefu bila kusema kitu, unahesabiwa umekubali. Kuanzia hapo unaweza kudai fidia, lakini kukirudisha ni kazi ngumu.

Ukaguzi wenyewe usiufanye na fundi aliyeletwa na muuzaji. Mlipe fundi wako, hata kama ni elfu thelathini. Mzee alimchukua fundi wa bodi hapa mjini, na fundi akainama chini kabla ya kuangalia bampa. Aliporudi juu alisema mkono wa chesesi upande wa kushoto umesogea. Ule mkwaruzo wa laki mbili ukaishia hapo. Bampa na taa ni vitu vya kununua na kufunga. Chesesi iliyopinda inahitaji kuvutwa kwa mashine, na isiponyooka sawasawa gari litavuta upande mmoja na kula tairi maisha yake yote. Kwa pikipiki, mwenzake wa chesesi ni shokapu za mbele na shingo ya usukani. Simama mbele yake, tazama kama tairi la mbele na la nyuma yako kwenye mstari mmoja. Iendeshe polepole mahali tambarare na usikie kama inavuta.

Kuna wauzaji ambao hawatakuonyesha jeraha kabisa. Watalinyoosha, watapiga puti na rangi, kisha watakuuzia kama jipya. Hapo angalia vitu vidogo. Nafasi kati ya boneti na fenda ya kulia ilingane na ya kushoto. Boliti za fenda zisiwe na alama za spana. Chukua sumaku ndogo, ifunge kwa kitambaa laini, ipitishe kwenye bati. Penye puti nene inashika kwa unyonge au inaanguka, ingawa bampa za plastiki hazishiki sumaku hata zikiwa nzima, kwa hiyo usimlaumu mtu kwa hilo. Ukiwasha switi, taa ya mifuko ya hewa kwenye dashibodi inatakiwa iwake kisha izime. Isipowaka kabisa, uliza kwa nini. Na kwa magari ya Japani yaliyopitia mnada, omba karatasi ya mnada. Daraja likiandikwa R au RA, gari lilishapata ajali na kutengenezwa kabla hata halijapanda meli.

Mkishajua ukubwa wa hasara, na hujakubali gari, una njia kadhaa mezani. Unaweza kulikataa na kudai pesa yako irudi, pamoja na arbuni, kwa sababu ulichouziwa sicho kilicholetwa. Unaweza kudai kingine cha aina ile ile, jambo ambalo kwa pikipiki mpya ya dukani ndilo jepesi kuliko yote, maana zimejaa stoo. Unaweza kukubali litengenezwe kwa gharama ya muuzaji, kwenye gereji unayoichagua wewe, kwa tarehe iliyoandikwa. Au upunguziwe bei. Hapa watu hukosea hesabu. Wanadai gharama ya fundi tu. Gari lililogongwa likatengenezwa haliuziki bei moja na ambalo halikuguswa, hata likitengenezwa vizuri kiasi gani. Tofauti hiyo nayo ni pesa yako, iseme.

Vipi kama aliyegonga ni wewe mwenyewe, ukilijaribu gari kabla ya kununua? Hapo umiliki bado ni wa muuzaji, lakini uzembe ni wako, na anaweza kukudai matengenezo. Hakulazimishi kununua gari, ila halipi hasara uliyoisababisha. Kabla ya kupokea ufunguo wa majaribio, uliza gari lina bima gani.

Kuhusu bima, wengi tunachanganya. Bima ndogo, ile ya lazima kwa kila chombo barabarani, ni kwa ajili ya madhara unayomsababishia mtu mwingine. Hailipi chombo chako. Inayolipa chombo chako ni bima kubwa, na lazima iwe imeanza kabla ya ajali. Kwa hiyo gari likitoka Dar es Salaam na bima ndogo tu, ajali ikitokea anayelipa ni mfuko wa mtu, na mtagombania mfuko wa nani. Kama bima kubwa ipo, itaarifiwe mapema, na usiruhusu fundi afungue kitu kabla mkaguzi wa bima hajaona. Stika ya bima unaweza kuihakiki kwenye mfumo wa TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, kupitia simu yenye intaneti.

Sasa pikipiki za mkataba, kwa sababu meseji nyingi zilikuja huko. Kijana anapewa pikipiki mpya, analeta hesabu kila siku au kila wiki, na baada ya mwaka au zaidi inakuwa yake. Hapa ununuzi haujakamilika hadi hesabu ya mwisho, lakini chombo kinatumika kila siku, tena barabarani kwenye vumbi na malori ya makaa ya mawe. Ikigongwa mwezi wa nane, mwenye pikipiki anasema hesabu iendelee kama kawaida, kijana anasema pikipiki si yangu bado. Nimesoma mikataba mitatu ambayo wasikilizaji walinipiga picha. Miwili haikutaja ajali hata kwa neno moja. Wa tatu ulisema dereva atalipa uharibifu wote, na pikipiki ikifa kabisa, mkataba umevunjika na alichokwisha kulipa hakirudi. Kijana aliusaini akiwa amesimama, juu ya tangi la pikipiki.

Kabla ya kusaini mkataba wa namna hiyo, dai yaandikwe mambo haya: nani analipa bima kubwa, hesabu inasimama siku ngapi chombo kikiwa gereji, na ulichokwisha kulipa kinahesabiwaje chombo kikiharibika kisitengenezeke. Mwite mtendaji wa kijiji au mtu mwingine mnayemheshimu nyote wawili awe shahidi. Mwenye pikipiki akikataa hata kuzungumzia ajali, binafsi ningeondoka.

Mkishindwana na muuzaji, anzeni na barua au meseji ya madai yenye kiasi na tarehe. Kama alikuficha ajali au alikudanganya kuhusu hali ya chombo, Tume ya Ushindani, FCC, hupokea malalamiko ya walaji chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Na Mahakama ya Mwanzo ipo, Kiswahili ndicho kinachotumika, na huhitaji kuwa na wakili ili kusikilizwa. Wasaidizi wa kisheria watakusaidia kupanga ushahidi wako bila malipo.

Mzee hakufika mahakamani. Fundi aliandika makadirio: vipuri, kuvuta chesesi, rangi na ufundi, jumla shilingi 1,450,000. Akamtumia muuzaji makadirio hayo, picha, na ile meseji yake mwenyewe ya kukabidhi Songea. Muuzaji alinyamaza siku mbili, siku ya tatu akapiga. Walikubaliana gharama yote ya fundi ikatwe kwenye milioni 3 zilizobaki, na laki 7 nyingine zipunguzwe kwenye bei. Mzee akabaki na deni la 850,000, alilolipa baada ya gari kutoka gereji na kujaribiwa hadi Peramiho na kurudi.

Mimi nilimshauri alikatae gari. Alinijibu kwamba kuzidai milioni 11 kutoka kwa mtu aliye Dar es Salaam kungemchukua msimu mzima, na mahindi yalikuwa yanasubiri usafiri shambani. Gari lilikaa gereji wiki tatu, na kwa wiki hizo alikodi gari la jirani. Hizo pesa za kukodi hakuzidai. Nilipomuuliza kwa nini, alicheka, akasema alizisahau.